Masista wageni wanaondoka, masista wetu wanapokea: tumeandaa nini zaidi ya sherehe?

Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu, na amani kwenu pia mlio wa dini na madhehebu mengine, kwa sababu jambo ninalolileta linamgusa kila mtu aliyetibiwa, aliyesoma au aliyejifunza ufundi katika kituo cha misheni.

Mimi ni mhasibu mlei katika kituo cha masista hapa Tanzania. Tuna zahanati yenye wodi ya wazazi, chekechea, na darasa la ushonaji la wasichana waliokatiza masomo. Masista kutoka Ulaya walikianzisha katika miaka ya 1960. Waliobaki ni wawili tu, mmoja wao ana miaka sabini na minane, na baada ya Pasaka wanarudi kwao moja kwa moja. Watakaopokea ni masista wa shirika la kizalendo, na wawili kati yao wamekwisha kufika, wanaishi nasi tangu mwaka jana wakijifunza kazi. Kituo sitakitaja, kwa kuwa wahusika hawakunituma kuandika.

Tumefanya vikao vitano vya maandalizi hadi sasa, na sehemu kubwa ya muda wetu imekwenda kwenye misa ya shukrani: sare ya kitenge iwe ya rangi gani, kwaya ngapi zialikwe, nani asimamie jiko. Sipingi shukrani hata kidogo. Wanawake hawa wamewazalisha dada zetu na kuwauguza wazee wetu hadi siku ya mwisho, na kuwaaga mikono mitupu ingekuwa aibu ya kijiji kizima. Ila niliwahi kuona makabidhiano yaliyoandaliwa sherehe tu, na sitaki kuyaona tena.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, katika kituo kingine ambacho pia sitakitaja. Masista wageni waliondoka Jumamosi baada ya misa. Jumatatu asubuhi sista mpya aliyekabidhiwa uongozi aliniita ofisini, akaweka mezani kopo la biskuti lililojaa funguo. Nilizihesabu: zilikuwa arobaini na tatu, na saba tu ndizo zilizobandikwa karatasi ya kueleza ni za mlango gani. Tulizunguka na kopo lile mlango kwa mlango hadi adhuhuri, yeye akijaribu na mimi nikiandika, na kwenye stoo ya dawa ikabidi aitwe fundi avunje kufuli.

La funguo lilikwisha siku ileile. Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Waliokuwa na saini benki walikuwa wawili, na wote walikuwa wamekwisha kuondoka nchini. Kubadilisha saini kulichukua miezi mitatu, na kwa muda wote huo malipo ya bima ya afya yaliingia kwenye akaunti ambayo hakuna aliyeweza kutoa hata shilingi moja. Mishahara ikasimama. Mlinzi mmoja aliyekaribia kustaafu alikuja kuulizia mafao yake, na tulipofuatilia tukakuta kwamba kwa vipindi fulani makato yake yalikatwa lakini hayakupelekwa kwenye mfuko. Minong'ono ikaanza sokoni kwamba masista weusi wamekula hela. Sista yule hakuwa amegusa hata senti. Alikuwa amepokea deni ambalo hakuna aliyemwambia kwamba lipo, na lawama zake alizibeba kwa miaka minne, hadi alipohamishwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi wengine walivyofanya, na mfano uliyonifundisha zaidi ni wa majirani zetu wa Uganda. Mama Kevin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, Mwairishi wa Arklow, alifika Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903 pamoja na masista wenzake watano wa Kifransisko waliotoka Mill Hill, London. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Watu walimpenda mpaka "kevina" likawa neno la kuitia hospitali au nyumba ya huruma. Lakini angalieni alichofanya mwaka 1923 huko Nkokonjeru: alianzisha shirika la wasichana wenyeji, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Ilikuwa miaka 20 tu tangu afike, bado ana nguvu zake, hakuna aliyekuwa akizungumzia kuondoka, na tayari watakaopokea walikuwa wameanza kulelewa. Leo hospitali ya Nsambya, ambayo ni mali ya Jimbo Kuu la Kampala, inaendeshwa na Masista Wadogo hao hao.

Kulikuwa na kikwazo ambacho wengi wetu hatukijui. Sheria za Kanisa za wakati ule hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga, na Roma haikulegeza katazo hilo hadi Februari 1936. Mama Kevin hakukaa kungoja. Alishirikiana na daktari mlei, Evelyn Connolly, wakaanzisha pale Nsambya mafunzo ya wauguzi na wakunga, ili wasichana wa Uganda wasomee kazi ambayo masista wenyewe walikuwa wamefungiwa. Kwangu mimi hayo ndiyo maandalizi: ujuzi ulitangulia, na ulitolewa hata kwa njia ambayo haikumletea sifa yeye wala shirika lake.

Buluba, katika eneo la Busoga, kuna jambo jingine. Kituo hicho cha wagonjwa wa ukoma alikianzisha Mama Kevin mwaka 1934, na kwa zaidi ya miaka 40 kilihudumiwa na daktari mlei kutoka Poland, Wanda Błeńska. Mwaka 1983 alimwachia uongozi daktari Mganda, lakini hakufunga virago siku hiyo. Alibaki miaka mingine akitibu na kufundisha, safari hii akiwa chini ya yule aliyempokea. Ni wachache wanaoweza kukaa chini ya mtu waliyemlea wenyewe bila kumwingilia kila saa, na pale linapowezekana, anayepokea hupata mtu wa kumuuliza bila kuona aibu.

Hapa kwetu naliona hilo likifanyika kwa kiasi chake. Sista mzee anaijua stoo ya dawa kwa kichwa, anajua rafu gani ina nini na lini kitakwisha. Sista kijana, ambaye ni tabibu na ndiye atakayekuwa mganga mfawidhi, amesisitiza kila dawa iwe na kadi yake. Wiki iliyopita niliwakuta wameketi sakafuni na maboksi, mzee akitaja, kijana akiandika, na kila mara wanapotofautiana wanahesabu upya pamoja. Alhamisi alasiri wanatoka kwa miguu kwenda vijijini, kwa sababu kuna nyumba ambazo mama mjamzito haletwi hadi hali iwe mbaya, na sista mzee anazifahamu zote. Mlango wa nyumba kama hizo haufunguki kwa barua ya utambulisho. Lazima mtu anayeaminiwa akufikishe yeye mwenyewe, na watu wakuone umekaa naye kwenye mkeka mmoja.

Linalonitia wasiwasi ni maandishi. Kanuni ya 681 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka kwamba askofu anapowakabidhi watawa kazi ya jimbo, yeye na mkuu wa shirika waandikiane mapatano yanayoeleza waziwazi kazi yenyewe, watawa watakaotumwa na mambo ya fedha. Kanuni ipo, lakini desturi yetu ya kuaminiana kwa mdomo ina nguvu kuliko kanuni. Nimeuliza katika vikao viwili kama rasimu imekwisha kuandikwa, nikajibiwa kwamba Baba Askofu na Mama Mkuu wanaelewana vizuri. Ninaamini wanaelewana. Askofu atakayefuata na Mama Mkuu atakayechaguliwa baadaye wataelewana kwa kusoma nini?

Ardhi ni vivyo hivyo. Eneo letu lilitolewa na wazee wa kijiji, na mpaka wa upande wa mto ni mstari wa mikonge iliyopandwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Sehemu ya juu ina hati kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa shirika linaloondoka, na sehemu ya chini haina kitu. Kubadilisha hati kutoka kwa wadhamini hawa kwenda kwa wengine kuna taratibu zake za kiserikali na gharama zake, na kazi hiyo inapaswa kuanza wakati mwenye jina bado yupo nchini kutia saini. Leseni ya zahanati, mkataba wa bima ya afya na akaunti ya benki vyote viko hivyo hivyo.

Ninachoomba kwenu ni uzoefu. Aliyepitia makabidhiano ya namna hii, upande wowote, atuambie kilichosahaulika.

Mchangiaji wa kwanza, muuguzi mstaafu

Mwanangu, nimesoma neno kwa neno, na habari ya kopo la biskuti nimeielewa kuliko unavyodhani. Nilifanya kazi katika hospitali ya misheni kwa miaka thelathini, nusu chini ya masista wageni na nusu chini ya wetu, na ninataka kuongeza jambo moja ambalo hujaligusa, nalo ni daftari la madeni.

Enzi za masista wa kwanza, mgonjwa asiye na fedha aliandikwa kwenye daftari, na mwisho wa mwaka majina mengi yalipigwa mstari. Sisi tulidhani ni huruma tu. Huruma ilikuwepo, lakini kila jina lililopigwa mstari lilikuwa limelipiwa na parokia fulani ya mbali, na vikongwe waliokuwa wakitoa sadaka yao huko, na barua ambazo sista mkuu aliziandika usiku kwa taa ya kandili. Masista wetu walipopokea, barua zile hazikujibiwa tena, kwa kuwa waliokuwa wakizijibu walikuwa wamezeeka au wamekufa. Ikabidi mgonjwa aombwe achangie. Kijiji kikasema masista wa sasa ni wakali na hawana upendo. Nilimwona sista mmoja akilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo baada ya kutukanwa na mtu aliyekuwa na ng'ombe kumi na wawili zizini na hataki kulipia dripu.

Waambieni watu ukweli wa gharama kabla masista wageni hawajaondoka, na wauseme wao wenyewe, kwa midomo yao, mbele ya waumini. Wakiusema wanaopokea, utasikika kama kisingizio.

Mchangiaji wa pili, sista wa shirika la kizalendo

Milele na milele, amina. Nashukuru kwa uzi huu, nami nitaeleza upande wetu.

Mara yangu ya kwanza kutumwa kupokea kituo nilipewa taarifa ya wiki mbili. Nilikuwa mwalimu, na nilipelekwa kuongoza nyumba ya wazee yenye wafanyakazi kumi na mmoja. Kwa nadhiri ya utii nilikwenda, na sijutii kwenda, lakini utii haukunifundisha kusoma mizania ya hesabu. Niliyajifunza hayo miaka kadhaa baadaye, nilipopata nafasi katika mafunzo ya uongozi kwa masista yanayotolewa na ASEC, mpango ulioanzishwa mwaka 1999 kwa ushirikiano wa mashirika ya watawa na vyuo vya Pennsylvania, Marekani. Tulifundishwa utawala, fedha na matumizi ya kompyuta. Siku ya kwanza ya somo la bajeti niliona makosa yangu yote ya nyuma yamepangwa mbele yangu. Ningeyajua kabla ya kupokea, wazee wale wasingelala bila shuka za kutosha msimu mmoja wa baridi.

Lingine ni masista wenyewe. Tunahesabiwa kama mikono ya bure. Kituo kikipiga hesabu ya mishahara, muuguzi mlei ameandikwa, na sista muuguzi mwenye cheti kilekile hajaandikwa. Shirika linamsomesha, linamtibu anapougua, litamtunza atakapozeeka, na fedha hizo hazionekani popote. Mapatano yenu yataje posho au mshahara wa kila sista atakayefanya kazi, uingie kwenye shirika. Msione aibu kuliandika hilo, nasi tusione aibu kuliomba.

Tena tunahitaji njia zetu za kujitegemea. Wenzetu Wabenediktini wa Mtakatifu Agnesi, Chipole, shirika lililoanzishwa mwaka 1938, walijenga mtambo wa umeme wa maji pale Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, na tangu mwaka 2015 wanaiuzia TANESCO. Si kila shirika lina mto, lakini kila shirika linaweza kuuliza lina nini.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na Sista, asante sana kwa kusema wazi hivyo. Nimezichapisha karatasi za michango yenu, nikazipeleka kwenye kikao cha jana.

Mama, jambo la daftari la madeni limenifanya nirudi tena kwa Mama Kevin. Huwa tunasimuliwa mwembe na hospitali, lakini hatusimuliwi alikofia. Baada ya kuachia uongozi hakurudi kupumzika Ireland. Alikwenda eneo la Boston, Marekani, kutafuta fedha kwa ajili ya misheni za Afrika, na huko Brighton, Massachusetts, ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82, akiwa bado kwenye kazi hiyo ya kuomba. Waumini wa Uganda wakataka mwili wake urudishwe, akazikwa Nkokonjeru. Kila kitanda kilichoonekana kuwa cha bure, kulikuwa na mtu wa namna hiyo nyuma yake aliyekwenda kugonga milango ya watu. Nasi hatuwezi kutarajia milango ileile igongwe milele. Katikati ya miaka ya 1970 masista duniani walikaribia milioni moja, na sasa hawafiki 600,000. Nyumba nyingi za Ulaya zimebaki na wazee wanaotunzana wenyewe, ilhali Afrika wanaongezeka. Papa Paulo wa Sita alipokuwa Kampala mwezi Julai 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wa bara lao. Nadhani tuliyasikia maneno hayo kama pongezi, na hatukuona kwamba yalikuja pamoja na hesabu za kulipa.

Sista, suala la mishahara ya masista lilizua mabishano makali. Mjumbe mmoja alisema mtawa amejitoa sadaka, fedha atafanyia nini. Nilimjibu kwamba aliyejitoa sadaka ni sista, na kituo hakijapewa ruhusa ya kuigeuza sadaka yake kuwa punguzo kwenye bajeti. Paroko alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nipige hesabu mbili, moja ikiwa na posho za masista wanne na moja bila posho hizo, zipelekwe kwa katibu wa afya wa jimbo kabla ya Kwaresima. Nimekwisha kuzianza. Kwa posho hizo, zahanati inapungukiwa kila mwezi. Bila posho inaonekana inajitosheleza, na huo ndio udanganyifu tuliokuwa tukijifanyia miaka yote bila kujua.

Mengine yaliyokubaliwa jana ni haya. Sista kijana ataongezwa leo kuwa mtia saini wa tatu benki, ili tuwe na miezi ya kujaribu kabla saini za zamani hazijafutwa. Wazee watatu wanaoukumbuka mpaka wa mikonge watatembezwa eneo lote pamoja na mwenyekiti wa kijiji na masista wa pande zote mbili, na maelezo yao yaandikwe na kutiwa saini palepale. Kuhusu wosia wako, mama, sista mzee amekubali kusimama kanisani Jumapili mbili mfululizo kueleza fedha zilikuwa zikitoka wapi na lini zilianza kupungua. Aliniomba nimsaidie kuandika takwimu kwa Kiswahili chepesi. Nilipomaliza kumsomea alisema ameogopa kuwaambia watu kwa miaka kumi, kwa kuhofia wangeacha kuja kutibiwa.

Rasimu ya mapatano bado haijaandikwa, na kwa hilo sijanyamaza. Sista mzee ndiye aliyenipa njia: amesema yeye mwenyewe atamwandikia Mama Mkuu wake huko Ulaya asimkatie tiketi ya kurudi mpaka karatasi hiyo itiwe saini.

Kesho saa tatu asubuhi tunahesabu samani za wodi ya wazazi. Funguo tumekwisha kuzimaliza: ni sitini na moja, kila moja ina kibao chake cha bati chenye namba, na daftari lake lina nakala mbili.